Kikundi cha presha na sukari mtaani: kupima kuje mwisho

Umeuliza mtaunganishaje zahanati, msikiti, VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa) na mama lishe hapo Ngamiani, Tanga, kwa ajili ya wenye presha na sukari. Msianze na zoezi la kupima. Kama hamjui kwa nini waliopimwa zamani wameacha dawa, mtaongeza majina kwenye daftari, basi.

Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, amtume mhudumu wa afya ngazi ya jamii kwa waliokatisha kliniki, akawaulize taratibu. Daftari lisitoke zahanati, majina yasisomwe kikaoni. Mara nyingi utasikia nauli, dawa kukosekana dirishani, au siku ya kliniki kugongana na kazi. Hilo la mwisho halihitaji hata senti: badilisheni siku.

Pesa ya dawa itoke mfuko wa jamii wa VICOBA, ila iwe na sanduku lake. Ikichanganywa na ya misiba, msiba mmoja unaimaliza, na nani atasimama kusema dawa kwanza? Katiba ya kikundi iseme ni msaada, si mkopo, na inalipwa moja kwa moja duka la dawa kwa cheti.

Kazi kubwa iko kwa mama lishe, na ndio hawaitwi vikaoni. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi chini ya gramu 5 kwa mtu kwa siku nzima, yaani isifike kijiko cha chai cha kusawazisha. Mkikubaliana gramu 2 kwa sahani ya mchana, watu 20 ni vijiko 8 vya chai, wali, maharage na mchuzi vyote humo. Mama lishe apime kwa kijiko, si kwa kiganja. Apunguze kidogo kidogo kila wiki. Akikata ghafla wateja wanahamia kwa jirani. Chumvi iondoke mezani, ndimu ibaki. Samaki wakavu wa chumvi, papa na ng'onda, walowekwe, maji yamwagwe. Na vile vidonge vya kuungia mchuzi ni chumvi pia. Asipovihesabu, vijiko vyote mlivyopunguza vinarudi kimyakimya.

Msikiti utangaze tangu Rajabu, miezi miwili kabla ya Ramadhani: mwenye sukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamaidi amwone daktari kabla ya kufunga, maana sukari inaweza kushuka vibaya mchana. Swali la kama kutoboa kidole kupima sukari kunaharibu saumu lijibiwe na imamu mwenyewe. Nesi akilisema, wengi hawatamsikiliza.

Mkifika kwenye kupima presha, mtu akae kimya dakika 5 kwanza. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha namba za uongo. Ikirudia 180/110 au zaidi, aende kituoni siku hiyohiyo.