Uji wa uwele wa Kihausa: usiyamwage maji ya juu

Kama umezoea uji wa pilipili manga wa kufuturia, hausa koko haitakuwa ngeni kwako. Ni uji wa uwele uliochachuka, wenye tangawizi na karafuu. Ghana huuzwa asubuhi na mapema, hasa kwenye zongo, mitaa ya Waislamu wenye asili ya kaskazini, na Ramadhani huwa haukosi kwenye futari. Mimi nilijifunza Accra, mtaa wa Nima, kwa mama mmoja jirani aliyekuwa akiupika kwa biashara. Sasa naupikia nyumbani Dar.

Nafaka yake ni uwele, ule wa punje ndogo za kijivu zinazoelekea kijani. Ulezi utakupa uji mzuri tu, lakini siyo huu. Uwele wa Dodoma au Singida unafaa kabisa. Nunua punje nzima, usinunue unga: uwele una mafuta, na ukishasagwa hayakawii kuharibika, ndiyo maana unga uliokaa huwa na uchungu.

Chukua vikombe viwili, pepeta, toa mawe, osha, kisha loweka usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, osha tena, usage pamoja na tangawizi ya urefu wa kidole, karafuu tano au sita, kijiko cha chai cha pilipili manga na pilipili kavu moja. Blenda inatosha, ila weka maji ya kutosha na usage kidogo kidogo. Na tafadhali, ndugu zangu wa Unguja na Pemba, najua karafuu ni zenu, lakini zikizidi uji unanuka kama dawa ya meno.

Ongeza maji kama lita mbili, chuja kwa kitambaa chepesi, kamua mpaka machicha yabaki makavu. Kifumbu cha nazi hakifai, kinapitisha chenga. Funika bakuli, uache litulie. Kwa joto la Dar, ukichuja asubuhi jioni uji umeshachachuka; Arusha au Nairobi uache ulale. Usiweke hamira wala mtindi, bakteria waliomo kwenye nafaka wanatosha. Utaona vipovu vidogo pembeni, na ukiinusa inakujia harufu ya uchachu safi. Ukiona ukungu, au harufu ya kuoza, mwaga vyote.

Sasa hapa ndipo wengi wanapoharibu. Bakuli limejigawa: juu maji, chini wanga mzito uliotuama. Mtu anakoroga vyote kwa pamoja anabandika jikoni, au, mbaya zaidi, anamwaga yale maji akidhani ni uchafu. Uchachu wote na sehemu kubwa ya viungo vimo humo! Yamimine taratibu kwenye sufuria bila kutikisa wanga, uyachemshe peke yake. Yule mama alikuwa anayaacha yatokote muda mrefu, mpaka harufu ya tangawizi mbichi ikatike na jirani wa nyumba ya tatu ajue kunapikwa nini. Nyumbani dakika ishirini zinatosha. Ndipo unapunguza moto, unalegeza wanga kwa maji kidogo ya baridi, unaumimina mwembamba huku mkono mwingine haujaacha mwiko. Usiumimine wote. Uji unaendelea kuwa mzito ukipoa, na koko ni ya kunywa: Accra hufungwa kwenye mfuko wa plastiki, unang'ata pembe unafyonza. Ukiiva unang'aa kidogo na hauna ladha ya unga mbichi.

Sukari tia kikombeni. Maziwa mabichi usiyatie kwenye sufuria, yatakatika kwa ule uchachu. Anayetaka atumie ya kopo au ya unga, mwisho kabisa. Mimi situmii. Kwa mtoto mdogo, saga uwele wake pembeni bila pilipili.

Kitafunwa chake ni koose, ambayo ni bajia za kunde: kunde zimelowekwa, zimemenywa, zimesagwa na kitunguu na pilipili. Tofauti ni kwamba wao huupiga ule mchanganyiko kwa mwiko mpaka uwe mwepesi, ndiyo unachotwa kuingia kwenye mafuta. Jaribu hata kwa bajia zako za kawaida.

Wanga uliobaki weka kwenye friji, umefunikwa na maji, ubadilishe maji kila siku. Utakaa siku tatu, ukizidi kuwa mkali. Asubuhi ya haraka unachemsha maji na kipande cha tangawizi, unakorogea.