Mama anataka daktari, baba mdogo anataka mhandisi

*Shikamoo Shangazi. Nimemaliza kidato cha sita, PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), nina daraja la pili. Mama anauza mchele soko la Mbuyuni hapa Moshi, anataka niwe daktari. Baba mdogo, ndiye anayenilipia ada, anasema uhandisi. Mimi moyo uko kwenye biashara, ila naogopa watasema nimepoteza PCM yangu bure. Dirisha la udahili limefunguliwa. Nifanyeje? – Binti wa Pasua*

Marahaba mwanangu. Tuanze na la mama, ndilo jepesi. Shahada ya udaktari inadai Fizikia, Kemia na Baiolojia za kidato cha sita, na wewe Baiolojia uliiaga kidato cha nne. Ungeweza kuzunguka kwa kuanzia stashahada ya utabibu kwa cheti cha kidato cha nne, lakini katika barua nzima hujamtaja mgonjwa hata mmoja. Mfungulie mama mwongozo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, msomee sifa za kujiunga. Mtu anayepima mchele kila siku hagombani na kipimo.

Sasa uhandisi. Barua yako ilikuwa kurasa tatu, hapo juu nimeifupisha, na uhandisi umeupa mstari mmoja tu: "baba mdogo anasema unalipa." Lakini ukurasa mzima unasimulia ulivyoshika daftari la mama wakati wa likizo. Ukagundua magunia ya mkopo yanakula faida kuliko usafiri na ushuru wa soko. Ukawapanga wale wa "nitalipa Ijumaa" kwa majina na tarehe, ukamwandikia mama nani asikopeshwe tena. Hakuna aliyekutuma! Mimi kozi yangu niliichagua kwa kumfuata rafiki, naye akahama chuo mwezi wa pili, kwa hiyo nakuonea wivu kidogo.

PCM haijapotea. Uhasibu, bima, ununuzi na ugavi, kote huko anatafutwa mtu asiyekimbia hesabu. Hapo hapo Moshi una Chuo Kikuu cha Ushirika, kilichoanza 1963 kama chuo cha wanaushirika na kuwa chuo kikuu kamili 2014. Kutoka Pasua unasoma na jioni unarudi kula kwenu. Arusha kuna Chuo cha Uhasibu, Njiro, ila huko uhesabu na chumba. Shahada za biashara kwa kawaida ni miaka mitatu, uhandisi minne. Mlipa ada anapaswa kuusikia huo mwaka mmoja.

Ukitaka amani nyumbani, omba na uhandisi pia, Chuo cha Ufundi Arusha kwa mfano. Kuomba si kuolewa. Ila ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja utathibitisha kimoja tu, kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu yako. Yako, si ya baba mdogo. Nishaandikiwa na watoto waliothibitishiwa na ndugu wakiwa wamelala.

Na usimjibu baba mdogo kwa meseji. Nenda kwake na mama, kabla ya dirisha kufungwa, na mbebe lile daftari. Mwombe asome ukurasa wa wadaiwa kwanza, ndipo umtajie kozi.