Kwa Maafisa Misitu Wapya wa Mikoko ya Rufiji: Anzeni na Maji

Ninyi mnaopangiwa kazi katika mikoko ya delta ya Rufiji mtafika mkiwa mmefundishwa kuhesabu miti, kupima vipenyo vyake na kukagua vibali vya boriti. Ujuzi huo mtauhitaji, lakini hautawatosha. Hifadhi mnayokabidhiwa ni msitu wa serikali unaokadiriwa kuwa na mikoko zaidi ya hekta 50,000, na sehemu kubwa yake huingiwa na bahari mara mbili kwa siku. Wengi wanaoingia humo kwa mitumbwi hawafuati mti bali kamba, kaa na samaki, na uamuzi wowote mtakaoutoa kuhusu mti utawagusa wao kabla ya kumgusa mfanyabiashara wa mbao.

Kwa hiyo, kabla ya kukunjua ramani ya mipaka, jifunzeni kalenda ya maji. Bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na katika siku hizo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huweza kuzidi mita 3. Katikati yake huja maji mafu, ambayo hayafiki mbali. Miti imejipanga kwa kufuata mwendo huo. Mlilana husimama mbele ukiikabili bahari, mkoko wenyewe (aina moja kati ya miti ya mikoko) hufuata kandokando ya vijito, mkandaa na mchu hukaa nyuma mahali ambapo maji ya bamvua pekee ndiyo yanayofika, na msikundazi hupatikana zaidi pale ambapo maji baridi ya mto, yasiyo na chumvi, yana nguvu. Anayeujua mpangilio huu anaweza kukisia, kwa kuutazama mti tu, maji hukaa hapo kwa muda gani na viumbe gani watakuja nayo. Samaki wachanga huingia na maji yanayojaa, hujificha na kula katikati ya mizizi ya mkoko, kisha hutoka maji yanapokupwa. Ndiyo sababu wando (uzio wa kutegea samaki) au wavu uliofunga mdomo wa kijito wakati wa kupwa kwa bamvua huzoa kila kilichoingia, pamoja na samaki wasiozidi kidole gumba. Doria ya saa za ofisi haiwezi kukutana na tukio linalofuata mwezi, na nashangaa kwamba ratiba nyingi za doria bado hupangwa kwa siku za juma.

Kamba ndiye anayeonyesha vizuri zaidi kwamba mpaka wa hifadhi hauwazuii viumbe wa maji. Hutaga baharini, watoto wake huletwa na maji hadi vijitoni, hukulia humo kwa miezi michache, kisha hurudi baharini kuzaa. Mtu anaweza kulinda kila mkoko na bado akampoteza kamba kwa nyavu za baharini. Anaweza pia kusimamisha meli zote baharini, huku vijito vikizibwa, na asione nafuu. Tena mamlaka zimegawanyika. Miti iko chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, samaki wako chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2003, mto uko chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, na ukanda wa mita 60 kandokando ya mito na fukwe unalindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Msisubiri tukio ndipo mtafute namba ya afisa uvuvi wa wilaya ya Kibiti. Kaeni naye, pamoja na viongozi wa BMU (vikundi vya wanajamii vya kusimamia uvuvi) na wa kamati za maliasili za vijiji, mpange doria za pamoja kwa kufuata bamvua.

Jambo linalohitaji subira zaidi ni mashamba ya mpunga. Watu wa Rufiji walilima mpunga kwa kutegemea mafuriko kabla serikali yoyote haijaiita mikoko hifadhi, na upande wa kaskazini wa delta, ambako maji baridi ni mengi, mikoko imefyekwa kwa ajili hiyo. Baada ya miaka kadhaa shamba huzidiwa na magugu na kaa, mkulima huliacha, na hapo ndipo huja kampeni ya kupanda miti. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado juu ya mti, ni ndefu, ni rahisi kubeba na kuchomeka matopeni, kwa hiyo hupandwa kila mahali, hata kwenye tope la chini ambako hufunikwa na maji muda mrefu mno na kufa. Angalieni kwanza kama kingo za shamba bado zinazuia maji. Mkizivunja na kufyeka magugu, mara nyingi maji yenyewe huleta mbegu zinazofaa mahali hapo, na samaki hurudi mapema kuliko miti.

Miradi ya kunenepesha kaa katika vizimba nayo itawafikia mezani. Si mibaya, lakini kaa wachanga wanaowekwa humo kwa kawaida hukusanywa mikokoni, kwa hiyo anayedai kwamba kizimba kinaupunguzia msitu mzigo aulizwe amewatoa wapi.

Mwisho ni maji yatokayo bara. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022. Bwawa la aina hiyo hushika udongo uliokuwa ukiijenga delta na hubadilisha majira ya mafuriko; mto ukipungua nguvu, chumvi hupanda juu zaidi, na msikundazi pamoja na mpunga huathirika mapema. Chagueni vituo vichache vya kudumu, mpime humo chumvi na kimo cha maji, mkiandika kila mara tarehe na umri wa mwezi, kwa maana kipimo cha bamvua hakilinganishwi na cha maji mafu. Ombeni kwa barua, kila mwezi, takwimu za mtiririko wa mto kutoka Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, na mziweke katika faili moja na kumbukumbu za mavuno ya kamba na kaa kutoka vijijini.