Kuvu wa vifuko: maswali yenu kutoka kandokando ya Ziwa Victoria

Kuvu wa vifuko ni wepi? Uyoga wa vichuguuni tunaokula ni mmojawapo? (Msomaji, Igoma)

Hapana, ule ni wa kundi jingine. Kuvu wa vifuko hutengeneza spora, yaani chembe ndogo za kuzaliana, ndani ya vifuko vidogo, kwa kawaida nane katika kila kifuko, na utaviona kwa darubini tu. Kwa macho tafuta vikombe vya waridi au chungwa kwenye vijiti vinavyooza (Cookeina), vidole vyeusi vinavyochomoza magogoni (Xylaria), au vibonge vyeusi vigumu ambavyo ukivipasua vina miduara ndani (Daldinia).

Nimepiga picha nzuri ya vidole vyeusi. Inatosha kuingizwa kwenye orodha yetu ya kuvu? (Msomaji, Nansio)

Haitoshi, ndugu yangu, na hapa ndipo kumbukumbu nyingi hupotea. Xylaria wengi wanafanana mno. Wapo wanaoota kwenye magogo, wapo wa kwenye matunda yaliyoanguka, wapo wa kwenye vichuguu vilivyohamwa na mchwa. Kwa hiyo andika ameota juu ya nini, na kama ni mti, mti gani. Jina la Kikerewe au Kisukuma linafaa kabisa kama hulijui jingine. Weka tarehe, kijiji na vipimo vya GPS vya simu. Piga picha rula ikiwa kando yake, kisha nyingine ya sehemu ya ndani. Sampuli iweke kwenye bahasha ya karatasi, kamwe si mfuko wa nailoni, maana humo hutoka jasho na kuoza. Ikaushe mahali penye hewa, na namba ya bahasha iwe ileile ya picha.

Kiangazi kikikaza tupumzike? (Msomaji, Kirumba)

La! Tazameni miamba. Yale mabaka ya kijivu na manjano ni laikeni, yaani kuvu anayeishi pamoja na mwani, na karibu kuvu wote wa laikeni ni wa vifuko. Hawasubiri masika. Kisiwani Saanane piga picha tu. Ile ni hifadhi ya taifa, hakuna kubandua bila kibali.

Kwa nini niandike wa kawaida? (Msomaji, Sengerema)

Kwa sababu tukiandika wa ajabu peke yao, orodha itaonyesha kwamba Sengerema hakuna wa kawaida. Atakayetaka kulinganisha vilima vyenu na msitu wa Rubondo atapotoshwa. Mwandike kila mnapomkuta.

Wanaliwa? (Msomaji, Magu)

Usile kuvu uliyemtambua kwa picha.