Flashi ya nini Jozani? Kima punju piga hivi

Ndugu yangu, umeuliza ununue flashi kwa sababu picha zako za kima punju, wale kima wekundu wa msitu wa Jozani kule Unguja, zinatoka sura nyeusi tii. Usinunue. Inawasumbua wanyama, na isitoshe tatizo lako silo hilo.

Kima akikaa juu ya tawi, nyuma yake ni anga jeupe. Kamera inapima lile anga, inapunguza mwanga, na uso wake ambao tayari ni mweusi unapotelea gizani. Sogea pembeni mpaka nyuma yake pawe na majani, kisha ongeza mwanga kwa +1 kwenye kipimo cha kurekebisha mwanga cha kamera. Lenga jicho. Ukipata kimeto cha mwanga kwenye mboni na zile nywele nyeupe zinazozunguka uso, umemaliza kazi.

ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, usiiogope: 1600 hadi 3200 ni kawaida chini ya miti ile. Chembechembe zinazoletwa na ISO kubwa zinasafishika, picha iliyotikisika haisafishiki. Akiwa ametulia anakula majani machanga, kasi ya shata ya 1/250 ya sekunde inatosha. Akianza kuruka nenda 1/1000.

Mimi ningekaa kwenye mashamba ya kusini mwa msitu, asubuhi. Huko wanashuka chini, unapiga macho kwa macho badala ya kupiga matumbo. Mfuate mtembezaji wako, usiwape chakula, na ukiwa na mafua kaa mbali zaidi, maana maradhi yetu yanawapata. Barabarani tazama magari kwanza, kamera baadaye.