Taka "zinarejelewa" au "zinarejelezwa"?

SWALI: Nafanya kazi katika kiwanda cha rangi hapa Jinja. Thina chafu tuliyooshea mitambo hatuimwagi. Tunaichemsha, tunakamata mvuke wake, na thina safi inarudi kazini. Ukutani pameandikwa "Hapa taka zinarejelewa". Msimamizi anataka "zinachakatwa". Mwenzetu aliyesoma Arusha anashikilia "zinarejelezwa". Tuandike lipi? – Msomaji, Jinja

JIBU: Ndugu msomaji, aliyesoma Arusha amepatia umbo la neno. Kurejelea ni kukiendea kitu ili kupata habari: tunarejelea kamusi, tunarejelea barua ya zamani. Kwa hiyo ukuta wenu unasema taka zinasomwa kama kumbukumbu! Inayokosekana ni z. Potea huzaa poteza, tokea huzaa tokeza. Vivyo hivyo rejelea huzaa rejeleza, yaani kukifanya kitu kirejee. Mzungumzaji wa Luganda hapaswi kuona ugumu hapa, kwani kwake okudda ni kurudi na okuzza ni kurudisha. Ila wengi wetu Uganda tumekiokota Kiswahili kwa sikio, sokoni na barabarani, na viambishi vya mwishoni ndivyo sikio linavyovipoteza kwanza.

Kuchakata ni neno pana mno. Kahawa huchakatwa, samaki huchakatwa, na hakuna kinachorudi kilikotoka.

Hata hivyo, kwa thina yenu nisingeandika "inarejelezwa". Nalitunza neno hilo kwa kitu kinachopoteza umbo lake: chupa ya plastiki inasagwa, inayeyushwa, inatoka beseni. Chupa ya soda inayorudi na kreti yake ikaoshwa na kujazwa, hiyo inatumika tena, basi. Na thina yenu imesafishwa tu, kwa njia ileile ya waragi, pombe kali yetu: inakenekwa, yaani inachemshwa na mvuke wake kupozwa uwe maji tena. Kukeneka ni neno zuri la Kiswahili, nami nasikitika kuona wataalamu wakilikwepa.

Kuna neno la nne ninalolipenda zaidi. Machimbo ya Kilembe yalitoa shaba kuanzia 1956 hadi 1982, yakaacha lundo la pairaiti (madini ya chuma na salfa) huko Kasese, lenye metali ya kobalti ndani yake. Baadaye kiwanda kikajengwa, bakteria wakaachiwa walimeng'enye lundo lile ndani ya matangi, kobalti ikatoka. Hapo kobalti iliopolewa, kama mvuvi anavyoopoa kilichozama. Ukisema "ilirejelezwa" unapotosha, maana haikuwahi kutumika hata mara moja.

Tena tusiite kila kitu taka. Kwenye kiwanda cha sukari cha Kakira wanachoma makapi ya miwa na kupata umeme, na molasesi, ule uji mzito unaobaki sukari ikishatolewa, inakuwa ethanoli. Kitu chenye kazi inayokingoja ni masalio. Taka ni kile tusichokitaka.

Kwenye pipa la thina andikeni: "Thina hii imekenekwa, itumike tena." Ukutani, kama kiwanda kina plastiki inayosagwa na kuyeyushwa upya, "Hapa plastiki hurejelezwa" inatosha. Msiandike "taka zote", kwa sababu yale mashapo mazito yanayobaki chini ya mtambo baada ya kukeneka bado ni taka, tena yenye sumu, na anayeyabeba anastahili kuyasoma kwa jina lake.