Jibu: mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) bado chanya siku 10 baada ya ALu (dawa mseto ya malaria)

Salaam mkuu. Umeuliza kama mtoto wa kilo 12, aliyemaliza ALu siku 10 zilizopita na homa ikarudi, arudishiwe dawa kwa kuwa mRDT ni chanya.

Usimrudishie kwa mstari wa mRDT peke yake. Kwanza dalili za hatari: degedege, kulegea mno, kushindwa kunywa, kutapika kila kitu, kupumua kwa shida. Ukiona hata moja, mchome artesunate (sindano ya malaria kali) miligramu 3 kwa kilo, yaani 36 kwa huyu, na rufaa siku hiyohiyo. Usisubiri maabara.

Kama hana hata moja, kumbuka mRDT ya aina ya HRP2 inanasa protini ya kimelea (ndiyo HRP2), nayo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Kinachoamua hapa ni hadubini, hata kama slaidi itapelekwa kituo cha afya jirani.

Huku unasubiri, mhoji mama kwa upole, maana akihisi analaumiwa atakwambia vidonge vyote vilimezwa. Alipaswa kumeza kidonge 1 mara 2 kila siku kwa siku 3, jumla 6. Cha pili saa 8 baada ya cha kwanza. Je, alitapika ndani ya nusu saa bila kurudishiwa dozi? Alipewa na maziwa au chakula chenye mafuta?

Slaidi ikiwa hasi, hesabu pumzi dakika nzima (40 na zaidi kwa mtoto wa miaka 2 ni haraka), angalia masikio, pima mkojo. Ikiwa chanya, mpe dawa mseto ya chaguo la pili, siyo ALu tena.